Kuachwa kwenye mataa

Jioni moja ya mwezi Juni, katika uwanja mmoja wa mbio za dragi, yaani mbio za magari mawili mawili kwenye njia iliyonyooka, kusini mwa jimbo la Michigan, nilipanga foleni nikiwa ndani ya Toyota Camry yangu ya mwaka 2018, gari la V6, yaani la injini ya silinda sita, ambalo siku nyingine zote hunipeleka kazini, hunibebea magunia ya mchele kutoka duka la Wahindi na kuwapeleka watoto kwenye mpira. Ilikuwa siku ya wazi, yaani siku ambayo mtu yeyote mwenye leseni na gari lililopita ukaguzi huruhusiwa kulipima kwenye robo maili, ambayo ni mita 402 za lami iliyonyooka kama rula. Kwenye njia ya kushoto alisogea mzee mmoja mwenye Pontiac GTO ya mwaka 1969, ya kijani kilichokolea, injini yake ikinguruma kwa ule mdundo usio sawa unaotikisa hata kioo cha pembeni cha gari la jirani. Niliona haya kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye ngoma ya wenyewe akiwa amevaa sare ya ofisini.

Taa ziliwaka, GTO ikaondoka huku matairi yake ya nyuma yakifoka moshi, nami nikafuata. Ilivuka mstari wa mwisho mbele yangu, na hilo nililiona kwa macho yangu mawili. Nilipofika kwenye kidirisha cha kuchukulia karatasi ya muda, ambayo ni kikaratasi chembamba kama risiti ya dukani, nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba nimeshindwa. Karatasi ikasema jambo jingine. Muda wangu wa robo maili ulikuwa sekunde 14.41, na wa mzee ulikuwa 14.70. Kwa kipimo cha saa, gari langu la kwenda sokoni lilikuwa limelishinda gari ambalo vijana wa Marekani wa enzi zake walibandika picha zake ukutani.

Kilichoniangusha kilikuwa mstari wa juu kabisa wa karatasi ile, ule wa muda wa kuitikia taa, ambapo mzee alikuwa na 0.05 nami nilikuwa na 0.71. Katika mbio za dragi saa ya gari haianzi kuhesabu pale taa ya kijani inapowaka, bali pale gurudumu la mbele linapouacha mwali wa mwanga uliokatiza mstari wa kuanzia. Kwa hiyo dereva anaweza kusinzia, akaamka, akaondoka kwa kuchelewa, na bado karatasi ikampa muda mzuri ilhali mwenzake ameshafika zamani. Mimi nilisubiri kijani kama ninavyosubiri kwenye makutano ya barabara mjini. Mzee, kama kila mzoefu wa mchezo huu, aliachia klachi taa ya tatu ya njano, ile inayotangulia kijani, ilipowaka, kwa sababu anajua kwamba gari zito huchukua sehemu ya sekunde kuanza kusogea na kwamba kijani kitakuwa kimewaka atakapouacha mwali. Kwetu mtu aliyetelekezwa husemwa kuwa ameachwa kwenye mataa. Mimi niliachwa kwenye mataa halisi, mbele ya watu.

Nimeihifadhi karatasi ile, na kila ninapokutana na ubishi kuhusu namna magari ya misuli ya zamani yanavyopigwa bao na magari mapya, huirudia. Wabishi wengi huzungumzia nguvu za injini, ilhali karatasi yangu inaonyesha kwamba nguvu haikuwa tatizo. Kwenye mstari wa mwisho Camry ilipita kwa maili 98 kwa saa, na GTO ilipita kwa karibu maili 101. Yule aliyechukua muda mrefu zaidi ndiye aliyekuwa akienda kasi zaidi mwishoni. Jambo hilo lingekuwa fumbo kama karatasi isingekuwa na kipimo cha futi 60 za mwanzo, yaani mita 18 hivi: mimi nilizimaliza kwa sekunde 2.20, mzee kwa 2.52. Muda aliokuwa nyuma yangu kwenye hesabu ya saa aliupoteza wote hapo, tairi likizunguka bila kushika lami, na mita 384 zilizobaki alizitumia kunikaribia.

Hapo yafaa kueleza magari haya ni yapi, maana nyumbani Tanzania ukitamka V8 msikilizaji huona shangingi jeupe la serikali lenye kioo cheusi. Gari la misuli la Marekani ni kitu kingine kabisa: ni gari la wastani, la milango miwili, la bei ambayo kijana mwenye kazi ya kiwandani angeweza kuilipa kidogo kidogo, likiwa limepachikwa injini iliyokusudiwa gari kubwa zaidi. Wengi huanzia hesabu kwenye Pontiac GTO ya 1964, na kuzaliwa kwake kulikuwa ujanja wa kiofisi. Kampuni mama ya Pontiac, General Motors, ilikuwa na kanuni kwamba magari ya ukubwa ule yasiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330, sawa na lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, John DeLorean akiwa miongoni mwao, walichukua injini ya inchi 389, lita 6.4, wakaiweka kwenye Tempest LeMans kama nyongeza ambayo mteja huichagua mwenyewe, kwa hoja kwamba kanuni ilihusu gari la kawaida tu na haikutaja nyongeza. Injini hiyo ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 325, au 348 kwa mteja aliyetaka kabureta tatu.

Baada ya hapo kila kampuni ilitaka kumzidi jirani. Chrysler ilileta barabarani injini ya Hemi ya lita 7 mwaka 1966, ikitangazwa kwa farasi 425. Mwaka 1970 Chevrolet iliuza Chevelle SS yenye injini ya LS6 ya lita 7.4 na farasi 450, nambari ambayo wengi huiona kuwa kilele cha zama zile. Barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya Detroit kuelekea kaskazini-magharibi, iligeuka usiku kuwa uwanja wa kupimana ubavu, na si siri kwamba miongoni mwa waliokuwa wakitega pale kwenye taa za barabarani walikuwamo wahandisi wa kampuni zenyewe.

Zile farasi 450, hata hivyo, zilikuwa farasi za karatasini zaidi ya za barabarani. Hadi mwaka 1971 Wamarekani walipima injini ikiwa juu ya kinara, imevuliwa karibu kila kinachoinyonya nguvu, bila chujio la hewa la kawaida wala ekzosi ya garini. Kuanzia 1972 wakaanza kuipima ikiwa imevaa kila kitu kama inavyokaa garini. Mwaka 1971 General Motors ilichapisha nambari za aina zote mbili, na injini moja ya lita 7.4, ile LS5, ilionekana kuwa na farasi 365 kwa kipimo cha zamani na 285 kwa kipimo kipya. Kwa upande mwingine, baadhi ya injini zilitajwa chini ya uwezo wake kwa kuwa kampuni za bima zilikuwa zimeanza kuwatoza vijana pesa nyingi mno kwa kila farasi. Kwa hiyo anayelinganisha farasi 350 za GTO ya 1969 na farasi 301 za Camry yangu analinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani tofauti, na tofauti halisi kati yao si ile inayoonekana.

Turudi kwenye tairi, kwa maana hapo ndipo penye kisa. Nilipomfuata mzee sehemu ya maegesho, alikuwa ameshafunua boneti na kuweka mfuko wa barafu juu ya manifoldi ya hewa ili injini ipoe kabla ya mzunguko unaofuata. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba GTO yake imenitia adabu. Akacheka, akaniomba karatasi yangu, akaiweka sambamba na yake juu ya bawa la gari na kuipitisha kidole kwenye mstari wa futi 60. Kisha akanipeleka nyuma kunionyesha tairi. Lilikuwa tairi la inchi 14 lililotengenezwa upya kwa mfano wa lile la kiwandani, lenye nyuzi zilizopishana kimshazari kama za tairi la lori la zamani, ukuta wa pembeni mrefu na mgumu, na sehemu inayogusa lami nyembamba kuliko ya Camry yangu. Mpira wake ulikuwa mgumu hivi kwamba ukucha haukuacha alama. Juu yake kulikuwa na ekseli nzima ya chuma, ambayo nguvu ikija kwa ghafla huanza kurukaruka kama punda aliyeguswa kidonda, na tairi linaloruka halisukumi chochote.

Dereva wa gari kama lile anaondoka kwa kipaji cha miguu. Anaipandisha injini hadi mizunguko anayoijua kwa sikio, anaachia klachi kwa namna ambayo si ya ghafla wala si ya kusitasita, anausikia mgongo wa gari ukianza kukaa chini, na tairi likianza kuteleza anapunguza mafuta kidogo, kiasi cha upana wa kucha, kisha anakanyaga tena. Halafu kuna gia nne za kubadilisha kwa mkono, na kila badiliko hula sehemu ya sekunde ambayo haitarudi. Mzee alikwenda mzunguko wa tatu jioni ile na futi 60 zake zikashuka kutoka 2.52 hadi 2.34 bila kubadilisha kitu chochote garini isipokuwa upepo wa tairi na namna alivyoachia klachi. Mimi kati ya mzunguko na mzunguko sikuwa na la kufanya ila kuacha gari lipoe. Nilikanyaga mafuta hadi sakafuni, na kazi yote iliyobaki ilifanywa na kompyuta: ilipunguza nguvu tairi la mbele lilipotaka kuteleza, ilichagua moja kati ya gia nane, ilipima hewa na kupuliza petroli kwa kiasi kilichotakiwa. Futi 60 zangu zilikuwa 2.20, 2.21 na 2.20. Mwanangu wa darasa la tatu, kama miguu yake ingefika, angepata matokeo hayo hayo.

Hicho ndicho kilichobadilika. Magari mapya yameichukua kazi iliyokuwa ya mguu wa dereva, na yanaifanya vizuri zaidi, mara nyingi kwa sekunde, bila kuchoka wala kuogopa. Magari ya umeme yamefikisha jambo hili mwisho wake. Tesla Model S Plaid iliyotoka 2021 ina uzito wa karibu tani 2.2, yaani imeizidi Chevelle ya LS6 kwa kilo zaidi ya 300, ina viti vya familia na kioo kikubwa cha kompyuta, na kampuni inaitaja kumaliza robo maili kwa sekunde 9.23. Chevelle ile, gari la kutisha la zama zake, ilipimwa na majarida ya magari ya wakati wake kwa sekunde 13 na ushei. Tofauti ya sekunde nne husikika ndogo mpaka uifanye kuwa umbali: wakati Plaid inakata mstari wa mwisho, Chevelle ingali na zaidi ya mita 150 za kukimbia, na dereva wake anamwona mshindani kama mtu anayetazama basi aliloshaachwa nalo. Mota za umeme hazina gia za kubadilisha, zinatoa nguvu yote tangu gari likiwa limesimama, na kwenye Plaid zinaendesha magurudumu yote manne huku kila moja likipewa kiasi linachoweza kukishika.

Haikutokea ghafla. Magari ya misuli yenyewe yaliangushwa mapema na sheria ya hewa safi ya 1970, na bima, na kisha vikwazo vya mafuta vya 1973. Kufikia 1975 Corvette ya kawaida ilikuwa na farasi 165, jambo ambalo hata leo linawauma wapenzi wake. Dalili ya kilichokuwa kinakuja ilionekana 1987, pale Buick ilipotoa magari 547 ya aina ya GNX yenye silinda sita tu, tabo (pampu inayosukumiza hewa zaidi ndani ya injini kwa nguvu ya moshi wa ekzosi) na kompyuta ya kusimamia petroli, yakawaacha nyuma magari mengi ya V8 yaliyoheshimika.

V8 nayo haikuondoka kimya. Mwaka 2017 Dodge ilizindua Challenger SRT Demon, yenye supachaja (pampu ya hewa kama tabo, ila huzungushwa na injini yenyewe), farasi 840 kwa petroli ya mbio, na tairi la upana wa milimita 315 lililotengenezwa kwa ajili ya kushika lami ya uwanjani. Iliandikishwa kwa sekunde 9.65, na chama kinachosimamia mchezo huu Marekani, NHRA, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kikaikataa kushiriki katika hali iliyotoka nayo kiwandani, kwa kuwa gari la kasi ile lilipaswa kuwa na fremu ya chuma ya kumlinda dereva. Dodge ililipokea katazo lile kama mtu aliyepewa nishani. Mwaka 2023 ikafuata Demon 170, farasi 1,025 na sekunde 8.91, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo kiwanda cha Brampton nchini Kanada kikasimamisha utengenezaji wa Challenger. Mrithi wake, Charger Daytona ya umeme, amewekewa mtambo wa kutoa mngurumo kwa nyuma ili afanane kwa sauti na marehemu. Nitasema wazi kwamba jambo hilo linanikera. Kama gari ni la kimya na lina kasi, na liwe la kimya.

Watetezi wa magari ya zamani wana jibu lao, nalo ni la kweli kwa kiasi. Watakukumbusha kwamba mwaka 2019, katika mashindano ya Drag Week ambayo magari huendeshwa barabarani kutoka uwanja hadi uwanja kwa muda wa juma, Tom Bailey alikimbia robo maili kwa sekunde 5.99 akiwa na Camaro ya 1969, na hakuna Tesla ya dukani itakayofika huko. Lakini Camaro ile imebaki na sura tu ya mwaka 1969. Mwili wake ni wa nyuzi za kaboni juu ya fremu ya mabomba. Vivyo hivyo kwa maelfu ya magari ya zamani yaliyowekewa injini za LS, yaani V8 za kisasa za General Motors, zilizotolewa kwenye malori madogo yaliyotupwa, tabo, na kompyuta ya kisasa. Sina ugomvi nayo, maana mafundi wake ni hodari na gharama yake huwa ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ila mtu akiniambia kwamba gari la namna hiyo limelipa kisasi cha magari ya misuli, humwambia kwamba kilichoshinda ni kompyuta ile ile, safari hii ikiwa imevaa kanzu ya babu.

Kwangu mimi walio karibu zaidi na mzee yule ni watu wanaokutana kila mwaka Michigan kwenye mashindano ya magari ya misuli yaliyobakia kama yalivyotoka kiwandani, wakiwa na matairi ya kizamani na injini za kipimo cha kiwandani. Wao hawana habari na Tesla. Wanashindana kujua nani bado anaweza kuondoka mstarini kwa tairi lisiloshika, na kila nukta wanayoipata inatoka kwenye saa nyingi za kurekebisha kabureta na kusikiliza.

Mwezi uliofuata mzee alinishawishi niingie mbio za makadirio, aina ya mashindano ambayo ndiyo iliyoyafanya magari ya kale yaendelee kuonekana viwanjani hadi leo. Kila dereva hutangaza muda ambao anaamini gari lake litautumia, na tofauti kati ya muda wa wawili hao hulipwa kwa kumtanguliza mwenye gari la polepole. Anayevuka kwanza ameshinda, isipokuwa akikimbia kwa kasi kuliko muda alioutangaza, maana hapo atahesabiwa amedanganya na ushindi utakwenda kwa mwenzake. Kwa kanuni hiyo gari la sekunde 9 na la sekunde 15 hukutana bila mmoja kudharauliwa, na kinachopimwa ni dereva anavyolijua gari lake na anavyoitikia taa.

Muda huandikwa kwenye kioo kwa rangi nyeupe ya viatu. Mzee alitoa kichupa chenye sponji kichwani, cha aina ile ile tuliyokuwa tukipakia raba za shule usiku wa kuamkia Jumatatu, akaandika 14.60 kwenye kioo chake kwa mwandiko mkubwa, kisha akanikabidhi. Niliandika 14.45. Akaitazama nambari, akatikisa kichwa, akanikumbusha kwamba gari langu lilikwisha kukimbia 14.41 na kwamba nikirudia hivyo nitakuwa nimejiondoa mwenyewe. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika 14.40, nikaenda foleni nikiwa na mkono mweupe.

Tulipangwa pamoja raundi ya kwanza. Mwali wa mwanga ukatupokea wote wawili, uwanja ukanyamaza kwa kitambo kifupi, kisha taa za upande wake zikaanza kushuka peke yake: njano, njano, njano. GTO ikakaa chini kwa mgongo na kuondoka bila moshi hata kidogo, nami nikabaki mstarini sehemu moja ya tano ya sekunde zaidi, mguu juu ya pedeli, nikiisubiri taa yangu ya tatu.